Hita Iliyokuwa Ikipasha Moto Dari

Lilianza kama doa. Doa la ukubwa wa sahani, rangi ya chai isiyo na maziwa, kwenye dari ya korido yetu hapa Fort Portal, magharibi mwa Uganda. Nikalitazama wiki nzima nikijiambia ni panya. Siku ya nane tone likamwangukia mama kichwani akitoka kuswali alfajiri. Akasimama pale pale, akalishika kwa vidole, kisha akaniita: "Mwanangu, hili tone lina joto. Panya hakojoi maji ya moto namna hii."

Juu ya dari tulikuwa na hita ya maji ya lita 80 tuliyoikuta ndani ya nyumba tulipoinunua. Fundi wetu, ambaye wote tunamwita Araali kwa sababu hapa Tooro kumwita mtu mzima bila empaako yake, yaani jina lake la heshima, ni utovu wa adabu, alipanda na tochi, akakaa huko robo saa, akashuka na kitu mkononi. Kilikuwa kijiti cha chuma chembamba kama sindano ya kushonea magunia, kimeliwaliwa pande zote.

"Adyeri, unajua hii ni nini?"

Sikujua. Adyeri ni mimi. Mama mkwe alinipa jina hilo mwaka nilipoolewa, na siku hizi naitika haraka kuliko jina nililopewa na baba.

Kumbe kile kijiti ni anodi. Kikiwa kipya huwa kinene kama kidole, cha magnesi, na kazi yake ni kuliwa na kutu ili kutu isile tangi. Kinatakiwa kukaguliwa kila baada ya mwaka mmoja au miwili na kubadilishwa kikikonda. Chetu hakikuwahi kuguswa. Kilipokwisha, maji yakageukia chuma cha tangi. Kifaa chenye bei ya chakula cha mchana cha watu wawili kilikuwa kimetuulia hita nzima.

Kwa hiyo ilibidi tununue nyingine. Hapo ndipo kila mtu akawa mtaalamu.

Kaka yangu yuko Leicester, Uingereza. Nilipomwambia habari ya hita akatuma ujumbe wa sauti wa dakika nne. "Dada, msicheze na umeme. Nunueni boila ya gesi ya kisasa." Akanieleza kuwa huko, tangu 2005, boila mpya ya gesi lazima iwe ya aina inayonasa hata joto la moshi wake: mvuke ulio ndani ya moshi unapozwa mpaka unageuka maji, na joto lake linarudishwa kwenye mabomba ya nyumba badala ya kupotelea angani. Alisema yake inatumia zaidi ya asilimia 90 ya gesi anayoilipia. Nikamsikiliza kwa heshima, maana ni mkubwa wangu, halafu nikamkumbusha kwamba hapa gesi inakuja kwenye mtungi nyuma ya boda, na kwamba ukitamka "boila" mjini kwetu watu wanafikiria lile dude la kiwanda cha chai linalolishwa magogo ya mikalitusi.

Ila ujumbe wake uliniachia swali zuri. Kwake, boila mbovu na boila nzuri zinatofautiana katika kuunguza: moja inapoteza joto kwenye moshi, nyingine inalinasa. Hita ya umeme haina moshi. Elementi iliyo ndani ya maji, iwe ya bei ghali au ya bei poa, inageuza karibu umeme wote kuwa joto, na joto lote linaingia kwenye maji. Basi yule muuzaji aliyeniambia kwamba hita yake "inachemsha kwa umeme kidogo" alikuwa ananiuzia nini hasa?

Nilitaka kujua kabla ya kutoa hela. Na bahati nzuri kipimo tunacho ukutani: Yaka, mita ya umeme wa kulipia kabla. Jina lenyewe ni Kiganda na Mswahili yeyote analielewa bila kamusi, ni "waka" tu. Kila asubuhi na kila jioni nikawa naandika kwenye daftari yuniti zilizobaki. (Ile hita ilikuwa bado inafanya kazi. Araali aliiwekea karai chini na kuniambia nina wiki mbili tatu.) Siku za kawaida, nyumba ya watu sita, tulikuwa tunakula yuniti 12. Siku niliyozima hita kwenye brika tukala 3. Yaani hita peke yake ilikuwa inachukua 9.

Halafu ikatokea harusi Kasese. Tukaenda wote, siku mbili. Friji nikaizima na kuiacha wazi, nikazima kila kitu isipokuwa hita. Tuliporudi, kabla hata ya kuvua viatu, nikaenda kwenye Yaka.

Yuniti 6 zimekwenda. Siku mbili, hakuna mtu nyumbani, hakuna aliyefungua bomba, na hita ilikuwa imekula yuniti 3 kila siku kwa kazi ya kupasha moto dari na panya wake. Maji yanachemka, yanapoa, yanachemshwa tena. Araali alipoifungua baadaye tuliona sponji ya kutunza joto iliyozunguka tangi imelowa na kukatika mapande, mahali pengine imebaki bati tupu.

Kwa bei za 2025 yuniti ya nyumbani ilikuwa shilingi 750 na kitu, ukiongeza VAT ya asilimia 18 inakaribia 900. Yuniti 3 kwa siku ni shilingi 80,000 kwa mwezi. Kwa ajili ya dari! Na mpangilio wa bei ulikuwa unauma zaidi ukiuangalia kwa karibu. Yuniti 15 za kwanza za mwezi zilikuwa 250 tu kila moja, kwa ajili ya wasiojiweza. Kuanzia ya 81 mpaka ya 150 bei ilikuwa inashuka tena hadi 412, ili watu waache makaa wapikie umeme. Ukivuka 150 ulikuwa unarudi kwenye bei kamili. Sisi tulikuwa tunafika 360. Karibu kila yuniti ambayo hita ile ilikuwa inavuja ilikuwa ya bei ya juu.

Jibu la swali langu likawa hilo. Hita zote za umeme zinachemsha sawasawa. Zinatofautiana katika kutunza. Dukani nikaacha kuuliza "inakula wati ngapi" nikaanza kuuliza sponji ina unene gani. Wauzaji wawili walinitazama kama nimeuliza umri wa mke wao. Wa tatu, mzee mmoja mwenye duka dogo, akachukua tangi la maonyesho, akanipigisha gumba la mkono pembeni. Ubavu wa tangi moja ulilia kama debe. Wa jingine ulijibu kama gunia la unga. "Hili la pili," akasema, na hakuongeza neno. Tangi jipya la lita 80 lililovishwa vizuri hupoteza yuniti moja na ushee kwa siku, si tatu.

Nilipomwambia Amooti, mume wangu, kwamba nimeamua kupima pia maji yenyewe, akasema nimekuwa mtu wa sensa. Nilichukua jerikani ya lita 20 nikaiweka chini ya shawa na saa ya simu. Ikajaa kwa dakika moja na sekunde arobaini. Lita 12 kwa dakika. Nikakaa kwenye ukingo wa beseni nikihesabu: maji yetu ya baridi yana nyuzi 19 hivi, tangi lina 60, maji ya kuoga ni 40, kwa hiyo nusu ya kila kinachotoka kwenye shawa ni maji ya moto. Mtu akioga dakika tano anatumia lita 30 za tangi. Sisi tunaooga shawa tuko watatu, mimi, Amooti na Farida, binti wa dada yangu anayesoma hapa. Mama na watoto wawili wanatumia ndoo, kila mmoja na lita zake 10 za moto, baasi. Jumla lita 120 na kidogo, na robo tatu yake ni sisi watatu tunaosimama chini ya shawa tukijifikiria.

Nikanunua shawa nyingine, ya shilingi 35,000, yenye matundu madogo. Lita 7 kwa dakika. Farida alinuna siku mbili. Kwenye Yaka zikaanza kubaki yuniti 2 kila siku, yaani ile shawa ilijilipa kabla ya wiki tatu kwisha. Naandika hili kwa sababu hakuna duka hata moja, kati ya yote niliyopita, lililonitajia shawa. Wote waliniuliza nataka lita ngapi, na jibu lao lilikuwa "chukua kubwa zaidi, mama".

Sasa kuhusu hita za papo hapo, zile ndogo zinazokaa juu ya shawa na kupasha maji yakipita. Nisizidharau. Hazina tangi, kwa hiyo hazipotezi chochote ukiwa umelala, na kwa mtu anayeishi peke yake kwenye nyumba ya kupanga ndizo ningemshauri. Jirani yetu anayo. Ni ya kilowati 5.5, na kilowati hizo zinatosha kupandisha lita 4 kwa dakika kutoka nyuzi 19 hadi 39. Si kitu cha kuimba ndani yake, lakini unatakata. Shida ni jioni. Kila mtu mtaani akiwasha, umeme unalegea. Ukishuka kutoka volti 240 hadi 190 hita haipotezi kidogo, inapoteza zaidi ya theluthi ya nguvu yake, maana nguvu inashuka kwa mraba wa volti. Ndiyo maana yule bwana anaoga saa nane mchana kama mtu wa zamu ya usiku. Tena inavuta zaidi ya ampea 20. Waya wa taa hauwezi, na mafundi wanaoiunganisha kwenye waya wa taa wapo. Mama aliniambia wazi kwamba hatasimama miguu mitupu chini ya kitu chenye maji na umeme pamoja. Mama amezaliwa Bombo, akaishi miaka kumi na minane kwenye kambi ya jeshi Jinja na baba yetu, na ndiko sisi wote tulikookota Kiswahili hiki. Neno lake akishalisema, mkutano umefungwa.

Ikabaki kuchagua kati ya tangi jipya la umeme na jua.

Jua la Uganda lina sifa kuliko jua la Fort Portal. Sisi tuko chini ya Rwenzori, na mvua zetu ni misimu miwili mirefu, Machi hadi Mei, kisha Agosti mpaka Novemba. Amooti alikuwa na wasiwasi na haki anayo. Lakini nilikaa na daftari langu wiki mbili nikiandika saa ambazo kivuli changu kilionekana uani, na nikaona kitu: hapa kwetu mvua nyingi zinashuka alasiri. Asubuhi, ukungu ukishaondoka, mara nyingi jua linapatikana mpaka saa saba. Paa letu lina upande unaotazama mashariki. Upande wenyewe ulikuwa chini ya mwovakado.

Mwovakado ulikatwa matawi matatu. Sitaki kulizungumza.

Kuna hita za jua za sahani bapa, shaba iliyopakwa weusi chini ya kioo kimoja kipana, na kuna za mirija. Mirija ni vioo viwili, kimoja ndani ya kingine, na katikati hakuna hewa, kama chupa ya chai. Kwa hiyo kunapokucha na baridi ya nyuzi 14, jua dogo linalopatikana halirudi nje. Sahani inavumilia zaidi na inadumu. Mirija inavunjika, lakini ukivunjika mmoja unabadilisha mmoja. Kwa mji wa joto kama Kasese ningechukua sahani bila kufikiria. Kwa baridi yetu nilichagua mirija 15 ya tangi la lita 150. Muuzaji alishikilia lita 300. Nilimwonyesha daftari. Tukishabadilisha shawa, matumizi yetu ni lita 80 na kitu za maji ya moto kwa siku. Lita 150 zinatupa akiba ya siku moja ya mawingu, na 300 zingekuwa za kuonea fahari barabarani.

Kufunga kulichukua siku mbili na kulinifundisha kwamba bei ya dukani ni nusu ya habari. Mtambo wa aina hii hauna pampu. Maji yaliyopata joto kwenye mirija yanakuwa mepesi, yanapanda yenyewe kwenye tangi. Ya baridi yanashuka kuchukua nafasi. Na mzunguko unaendelea siku nzima bila mtu wala umeme. Lakini maji ya baridi lazima yatoke mahali palipo juu kuliko tangi la jua, na tangi letu la akiba lilikuwa kwenye jukwaa la chini. Kulinyanyua: shilingi 400,000. Kisha Araali akapanda chini ya mabati kugonga mbao moja moja, kwa sababu maji lita 150 ni kilo 150 kabla hujahesabu chuma na vioo. Mbao mbili zikaongezwa. Kuhusu uelekeo hakuhangaika sana. Tuko karibu kabisa na ikweta, jua linapita kaskazini nusu ya mwaka na kusini nusu nyingine. Alichosisitiza ni mwinamo, ili maji yapande vizuri na mvua ioshe vumbi.

Tangi lilijazwa saa kumi na mbili asubuhi, jua halijatoka. Hilo alilishikilia kama sharti la mganga. Mirija mikavu ikishinda juani inapata moto mkali sana, na ukiifungulia maji ya baridi adhuhuri inapasuka kama glasi. Maji ya mjini yakikatika mpaka tangi la akiba likakauka, basi tusijaze mchana. Tusubiri usiku.

Ndani ya tangi la jua kuna elementi ya umeme kwa siku mbaya. Hapa ndipo watu wengi wanapoharibu, na sisi tuliharibu mwezi wa kwanza. Tuliiacha ijiwashe yenyewe. Usiku maji yakipoa kidogo, inawaka. Jua likitoka linakuta maji tayari ni ya moto, halina la kufanya, linakaa tu juu ya paa kama mgeni aliyekuja watu wameshakula. Yaka ikanionyesha yuniti 4 kwa siku na nikataka kulia. Sasa swichi iko jikoni na mwenye amri nayo ni mama. Saa kumi jioni anatoka uani, anashika bomba linaloshuka kutoka juu kwa kiganja, kama anavyoshika paji la uso la mtoto mwenye homa. Likiwa la moto anarudi ndani. Likiwa vuguvugu anawasha kwa muda wa saa moja. Mwezi wa Novemba, mvua mfululizo, aliwasha siku kumi na moja. Tukitoa wastani wa mwaka, mtambo umekula yuniti moja kwa siku, wala haijafika.

Hesabu yenyewe, kwa wanaotaka hesabu. Mtambo, kunyanyua tangi, mbao, na kazi ya Araali: milioni 3 na laki 7. Tangi jipya la umeme, lile la gunia la unga, lingekuwa laki 9. Ukilinganisha mawili haya, jua linatuokolea kama laki moja kwa mwezi, kwa hiyo nyongeza ya milioni 2 na laki 8 inarudi baada ya miaka miwili na miezi minne. Ukiona hiyo milioni haipo, wala usikope. Nunua tangi lenye sponji nene, badilisha shawa, visha bomba la maji ya moto, na mpe mtu mmoja nyumbani mamlaka ya swichi. Nusu ya hela tunayookoa sisi inatoka huko, haitoki juani. Na anodi, andika tarehe yake kwenye mlango wa kabati. Yangu inakaguliwa Machi.

Januari kaka alipiga simu ya video usiku wa huko. Nilitaka kumwonyesha paa. Yeye alikuwa nje, kofia mpaka kwenye nyusi, birika mkononi, anamwagia maji ya moto bomba la plastiki ukutani. Boila yake imegoma. Yale maji yanayotoka kwenye moshi, yale aliyonisifia dakika nne nzima, yanatolewa nje kwa bomba dogo, na baridi ilikuwa imeyagandisha humo ndani. Bomba likiziba, boila inajizima.

Mama akanyang'anya simu, akaisogeza karibu na miwani. Akatazama muda mrefu.

"Mbona anaogesha ukuta?"

Nikamweleza. Akamwangalia mwanawe anavyotetemeka, birika linatoa moshi, theluji miguuni.

"Mwambie akimaliza kuogesha nyumba," akasema, "aje huku aoge na yeye."